Kitunguu na Ua la Damu

Nani hajaona sanamu ya Mtakatifu Yosefu akishika ua jeupe? Ua lile ni lili. Lakini ukipita Oicha kuelekea Eringeti, pembeni ya msitu mkubwa, waweza kukutana na ua la namna nyingine: mpira mwekundu juu ya bua tupu, nao umefanywa na vijiua vidogo, pengine mia mbili. Wazungu wameliita lili ya damu. Je, ni ndugu kweli wa lile la Mtakatifu Yosefu? Wataalamu walibishana miaka mingi.

Mwaka 1753 Linnaeus, mtu wa Uswidi, alipanga mimea kwa kuhesabu vijiti vyenye unga ndani ya ua. Lili ina sita, ua la damu sita, na kitunguu cha kupikia sita. Basi akaviweka vyote katika fungu moja. Njia rahisi, lakini nani ajuaye ukoo wa mtu kwa kuhesabu vidole vyake? Mwaka 1805 Mfaransa Jaume Saint-Hilaire akautaja ukoo wa amarili kuwa ukoo wa peke yake. Alama kubwa iliyofuatwa ni kifuko cha mbegu. Pasueni ua mtazame: katika lili kifuko kimo ndani ya ua, katika ua la damu kiko chini yake, kama kifundo kidogo. Kwa alama hiyo kitunguu kilibaki upande wa lili.

Mwaka 1934 Mwingereza John Hutchinson akasema tutazame bua. Kitunguu na ua la damu huinua bua lisilo na majani, na juu yake vijiua vyote hutoka mahali pamoja kama mbavu za mwavuli, navyo kwanza hufunikwa na ngozi nyembamba. Wengi hawakumfuata. Yeye alifariki mwaka 1972. Ndipo mwaka 2009, baada ya kupima urithi uliofichika ndani ya mimea yenyewe, wataalamu wakakiweka kitunguu katika ukoo wa amarili. Mzee alikuwa ameona vema kwa macho tu!

Lakini ndugu hawa tabia zao ni mbali. Tunguu la ua la damu lina sumu, mojawapo yaitwa likorini, nayo hutapisha vibaya. Mahali pengine katika Afrika watu waliitia katika mishale. Na katika nchi ambayo watu wamekimbia mashamba yao mara nyingi, kama Eringeti iliposhambuliwa Novemba 2015, mwenye njaa huchimba anachokiona.

Basi pondeni jani kidogo mkalinuse. La kitunguu hunuka kitunguu. Lisiponuka hivyo, liacheni na tunguu lake, hata likiwa nene na jeupe, mkanawe mikono. Matunda yake mekundu yanayong'aa nayo msiwaachie watoto.