Gari Lililoachwa Mara Mbili

Carina E yangu iliundwa Burnaston, Uingereza, mwaka 1996, ikauzwa Ubelgiji, na ilipofika Kigali mwaka 2005 ilikuwa imeshaachwa na mwenyewe wa kwanza. Katika droo ya dashibodi nilikuta karatasi ya ukaguzi ya Kibelgiji iliyotaja kutu chini ya milango na ekzosi iliyotoboka. Kule wakati ule gari lililotimiza miaka minne lilikaguliwa kila mwaka, na likianza kukataliwa, wengi waliona nafuu kuliuza kwa wanunuzi wa mtaa wa Heyvaert, Brussels, walioyapakia magari melini Antwerp kuja Afrika. Mbelgiji yule alipiga hesabu yake akaona imetosha. Mimi nikalipokea gari na kutu yake.

Septemba 2025 zamu ya kupiga hesabu ikanifikia. Gari lilichemka kwenye mlima wa kutoka Kinamba, likavutwa kwa kamba hadi Kimironko, kwa fundi wangu aliye nyuma ya stendi ya mabasi. Akafungua kifuniko cha oili, akapitisha kidole ndani yake, kikatoka na utando mweupe kama uji.

"Mzee, maji yameingia kwenye oili."

Maana yake gasketi ya silinda hedi imeungua, na hedi yenyewe huenda imepinda. Akataja faranga laki mbili na nusu, kazi na vifaa, kama hedi itakubali kuchongwa. Isipokubali, twende Gatsata kutafuta nyingine. Nikamwomba siku tatu za kufikiri, na katika siku hizo kilichonijia kichwani ni magari yote niliyoyaona yakiachwa katika mji huu kwa miaka arobaini niliyokaa barabarani.

Nilizaliwa Biryogo, upande wa Nyamirambo, mahali wazee walipopaita Kambi ya Waswahili. Wabelgiji waliwatenga hapo Waislamu wa mjini, na kwa kuwa shule zilikuwa mikononi mwa misheni, watoto wao wengi hawakusoma. Bila shule na bila mashamba, watu wetu walishika biashara, cherehani na usukani. Ndiyo sababu udereva na ufundi wa magari wa Rwanda ulizungumza Kiswahili miaka mingi kabla ya Bunge kukipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Lori lililotoka Mombasa au Dar es Salaam lilikuja na majina ya viungo vyake. Kifaransa nacho kiliongeza yake, na leo fundi wa Kimironko akisema piyese anataka spea, na gari lililotumika Ulaya analiita okaziyo.

Baba alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa mjini. Kigali ya uhuru, mwaka 1962, ilikuwa na watu kama 6,000 tu, na Kimironko ilikuwa mashamba. Spea mpya iliagizwa ikasubiriwa miezi, kwa hiyo mafundi walikata bushi kutoka kwenye matairi ya zamani na kukunja springi motoni. Neno la kubadilisha gari sikulisikia utotoni. Lori lililoshindwa kabisa lilisimamishwa nyuma ya nyumba ya tajiri, na hapo likaliwa kidogo kidogo: leo taa, mwezi ujao difu, mwakani mbao za bodi zikawa mlango wa choo. Sisi watoto tuliweza kuonyesha mtaa mzima kilipokwenda kila kiungo. Lori lililoliwa liliweka mengine matatu barabarani, na baba alilihesabu kuwa bado linafanya kazi.

Mimi nilianza kama komvuayeri, kijana wa mlangoni anayekusanya nauli. Serikali ilikuwa na mabasi yake ya ONATRACOM tangu 1978, lakini kilichobeba mji ni Hiace za watu binafsi tulizoziita twegerane, yaani tusogeleane. Viti vilikuwa kumi na vinane. Vita vilipoanza Oktoba 1990 na njia ya Gatuna, mpakani na Uganda, ikafungwa, vipuri vikaanza kuzunguka kwa Rusumo, mpakani na Tanzania, na bei zikapanda hata kwa kitu kidogo kama plagi.

Kisha 1994. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yaliua watu zaidi ya milioni moja, na sitaki kuyapitisha haraka katika habari za magari. Nitasema tu kwamba niliporudi barabarani, magari yalikuwa yamechomwa, yameporwa, mengine yamevushwa Zaire na waliokimbia, na ya waliouawa yalibaki bila wa kuyadai. Kuna Hiace moja nyeupe ambayo mpaka leo nikiikumbuka namkumbuka mwenyewe, na kiti alichopenda abiria wake wakae.

Wakimbizi wa zamani waliorudi kutoka Uganda, Tanzania na Kenya walikuja na magari yenye usukani wa kulia, kwa kuwa nchi hizo huendesha kushoto. Sisi huendesha kulia. Kwa muda mji ulikuwa na magari ya aina zote mbili, na dereva wa usukani wa kulia aliyetaka kulipita lori mlimani ilimbidi atoe nusu ya gari kabla ya kuona kinachokuja. Abiria wa kushoto ndiye aliyeona kwanza, na mara nyingine ndiye aliyekufa kwanza. Mwaka 2005 serikali ikapiga marufuku kuingiza magari ya usukani wa kulia. Kwa uamuzi ule tuliachana na bahari ya magari rahisi ya Japani yanayojaa Kampala na Dar es Salaam, tukabaki na ya Ulaya, ya Dubai, na baadaye ya Korea. Ukiona Hyundai na Kia nyingi Kimironko leo, sababu ni hiyo: Wakorea nao hukaa upande wa kushoto wa gari.

Hapo ndipo niliponunua Carina. Niliipenda kwa injini yake, 4A-FE ya sisi 1,600, ambayo mkanda wa taimingi ukikatika vali hazigongi pistoni. Unalisukuma pembeni, unafunga mkanda mpya, unaondoka. Pistoni, ringi, pampu ya maji na klachi vilipatikana Kampala kwenye soko la Kisekka, maana ndani ya injini usukani wa kushoto na wa kulia ni ndugu. Lakini reki ya usukani, dashibodi na hata taa za mbele havikubaliani. Taa ya gari la usukani wa kulia humulika zaidi upande wa kushoto, na hapa kwetu inampofusha anayekuja. Gari hilo moja lilinifundisha kwamba uzee wake unategemea pia mpaka upi uko wazi. Gatuna ilipofungwa tena Februari 2019, hadi mwisho wa Januari 2022, injini yangu ilizeeka kuliko miaka iliyopita, kwa sababu pampu niliyozoea kuiagiza jioni na kuipata asubuhi ikawa kitu cha kusubiri majuma.

Hesabu yenyewe nilikuwa nimeshafundishwa zamani na twegerane. Kila jioni dereva hupeleka verisoma, fedha ya tajiri iliyokubaliwa, na kinachobaki ndicho chake. Gari likilala gereji, verisoma haipo, ila tajiri ana deni, ana ada ya shule, ana bima. Tajiri wangu wa mwisho alikuwa mama mjane wa Remera aliyekuwa na Hiace mbili. Hakujua kufungua hata kofia ya rejeta, na sijaona mtu aliyejua magari kumzidi. Alikuwa na daftari la shule lenye mistari, na hakuandika humo bei za spea. Aliandika siku ambazo gari halikutoka. Zikifika tano ndani ya mwezi, miezi miwili mfululizo, aliliuza bila kubishana na fundi.

"Mwanangu," aliniambia, "spea nitalipa mara moja. Siku iliyosimama nailipa na sipewi kitu."

Magari yake yaliyouzwa hayakufa. Yalipelekwa kwenye barabara za vumbi za mikoani, ambako siku tano za kusimama zilivumilika kwa kuwa hapakuwa na gari jingine. Hii ndiyo njia ambayo magari ya Kigali yamefuata siku zote: mji mkubwa wa mbali, kisha Kigali, kisha vilima. Na kila anayeliacha ana haki kwa hesabu yake.

Mwaka 2013 daftari halikumsaidia. Njia za mji ziligawiwa kwa waendeshaji watatu, KBS, Royal Express na shirikisho la vyama vya ushirika RFTC, na Hiace zikatakiwa kupisha Coaster na mabasi makubwa. Mama yule alikuwa amefunga injini iliyotengenezwa upya wiki sita kabla. Ilikuwa ikiunguruma vizuri kuliko siku yoyote niliyoijua. Aliiuza kwa bei ya gari bovu, kwa kuwa kila mwenye Hiace alikuwa akiuza siku hizohizo. Kwa abiria badiliko lile lilikuwa na faida na nilikubali hivyo tangu mwanzo. Foleni za Kimironko zilihitaji viti vingi zaidi. Ninachokumbuka ni jinsi alivyolifunga daftari lile akaniachia mimi.

Ndilo nililotumia kwa Carina. Mke wangu anauza vitenge soko la Kimironko, na gari letu kazi yake ni kupeleka marobota, kuchukua wateja wa harusi, na safari za kukodi ninapozipata. Tangu Januari 2024 nilikuwa nimelipa 145,000 kwa klachi, maana milima yetu huila klachi kama mkate, 120,000 shokomzoba za mbele, 90,000 rejeta, 160,000 reki ya usukani, na 110,000 breki, bushi na boli joint. Jumla 625,000. Fedha hiyo haikunitisha. Gari la kuchukua nafasi yake lingenunuliwa mamilioni, kwa kuwa la kuagizwa hulipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini za ukubwa huu, na VAT ya asilimia 18. Gari la dola 3,000 bandarini hupata zaidi ya nusu ya bei hiyo juu yake kabla halijapewa namba. Ushuru huo ndio uliowalea mafundi wa Gatsata na wa nyuma ya stendi yetu. Mtu haendi kununua jipya wakati gasketi ni laki mbili na nusu.

Lakini daftari lilisema siku 47 za kusimama, na 31 kati ya hizo zilikuwa za miezi minne ya mwisho. Karibu nane kwa mwezi. Kila siku moja mke wangu alikodi pikapu ya mtu, na mara mbili robota lilichelewa, mteja akaenda meza ya jirani.

Zaidi ya hapo kulikuwa na kontorole, ukaguzi ambao gari binafsi hupitia kila mwaka. Tangu Agosti 2025 gari linapimwa pia moshi. Injini yenye miaka 29, inayokula oili na sasa inakunywa maji, ningeipeleka kwenye kipimo hicho nikiwa najua jibu. Na kipimo chenyewe sikukipinga. Nimevuta moshi wa mlima wa Kinamba tangu ujana, na wajukuu wangu hutembea kwa miguu kando ya barabara ileile kwenda shule.

Vijana walinishauri nikope ninunue la umeme. Tangu 2021 magari hayo yamesamehewa ushuru, na pikipiki mpya za biashara mjini sasa ni za umeme. Ni ushauri mzuri kwa mwenye miaka thelathini. Volkswagen nao wameunganisha magari mapya hapa Kigali tangu Juni 2018, na nayaona yakipita, ila bado sijakutana na mwenye meza ya vitenge aliyenunua moja.

Siku ya tatu nilirudi kwa fundi. Nilimwona amekwisha kuiweka hedi juu ya meza, ameisafisha kwa brashi ya waya, bila mimi kumwagiza. Alitaka sana kuitengeneza. Nikamwonyesha daftari, akasoma kurasa mbili za mwisho kwa kidole, akasema, "Mzee, basi tuliuze likiwa zima kwa viungo." Nikamlipa kazi yake ya siku hiyo.

Kama unasoma haya na una gari linalokusumbua, nakuomba ununue daftari leo. Andika siku zilizosimama, na uanze kabla fundi hajataja bei, kwa maana ukianza siku ya kuharibika utakuwa unalitetea gari badala ya kulihesabu.

Wanunuzi wa Gatsata walitoa 650,000. Walilichukua Jumatano kwa lori la kuvuta, milango ikiwa bado na ile kutu ya Ubelgiji. Giaboksi ilinunuliwa siku iliyofuata na dereva wa Carina nyingine huko Zindiro, na mpaka ninapoandika bado inafanya kazi.