Nduthi Yako Ina Shoki, Itumie

Wasee, boda boda ilianzia Busia, mpakani na Uganda, miaka ya 1960. Ilikuwa baisikeli. Shoki ilikuwa mgongo wako.

Mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya sisi 250, na nduthi zikajaa hadi huku kwetu Elburgon. Sasa shoki zipo, mbili nyuma, lakini nikipita stejini naona nyingi zimekazwa hadi mwisho juu ya magunia ya viazi, halafu zinaachwa hivyo.

Ukiwa na gunia, sawa. Ukirudi mtupu kwenye marram, springi ngumu inarusha gurudumu la nyuma. Likiwa hewani, breki haina cha kushika. Kwa mteremko wenye matope, hiyo ni hatari.

Mimi nasema hivi: ile pete ya springi ina ngazi kwa sababu. Umebeba mzigo, pandisha. Uko peke yako, shusha. Ni spana na dakika chache tu. Mafuta yakivuja, badilisha shoki, kukaza hakutasaidia.

Wazee wa Busia hawakuwa na chaguo. Wewe unalo.