Safu ya Lugha: Fokasi
Wapiga picha wa mpira wanalaumu “fokasi” kwa kila picha yenye ukungu. Wanaionea. Kwa Kilatini focus ni meko. Mwanaastronomia Johannes Kepler alilitumia neno hilo kwa nukta ambako nuru hukusanyika, katika kitabu chake cha elimu ya nuru cha 1604. Katika kamera, fokasi inahusu umbali: kilicho kwenye umbali uliochaguliwa ndicho hutoka kikali. Winga akikimbia, umbali hubadilika, ndiyo maana kuna fokasi endelevu, ambayo Nikon na Sony huiandika AF-C. Lakini nyasi zikiwa kali na winga peke yake amevutika kama ute wa bamia, hapo shata ilichelewa kufunga; jaribu 1/1000 ya sekunde. Kulenga nako ni kuelekeza kamera tu. Unaweza kumlenga winga, fokasi ikaangukia mabango nyuma yake.