Wachukuzi wa Neno la Serikali katika Njia ya Magharibi

Waandishi wetu walioshughulikia utamaduni wa taifa wameandika mengi juu ya ngoma, mavazi, jando na hadithi za mapokeo. Ni wachache waliojiuliza namna neno la mtawala lilivyosafiri hata likamfikia mtawaliwa, na namna jibu la mtawaliwa lilivyorudi, kama lilirudi. Jambo hilo nalo ni sehemu ya utamaduni, kwani lina adabu zake, lina lugha yake, na lina watu wake waliofunzwa kazi hiyo. Twapenda kulitazama kutoka Kaliua, katika nchi ya Wanyamwezi, mahali ambapo habari zimekuwa zikipita kwa miguu, kwa reli na kwa hewa.

Siku hizi watu wa kazi hiyo huitwa maafisa habari. Wamo katika wizara, mikoa, halmashauri na mashirika ya umma. Wana chama chao, na kwa uongozi wa Idara ya Habari, ile iitwayo MAELEZO, hukusanyika katika kikao kazi: mara Dodoma, mara Arusha, mara Tanga. Hapo afisa wa wilaya ya mbali hukutana na mwenziwe wa wizarani. Hufundishwa kuandika taarifa, kutunza tovuti, kuendesha mitandao ya kijamii, na kujibu wakati wa msiba au mtafaruku. Wako wanaodhani kwamba makusanyiko ya namna hii yamezaliwa pamoja na simu za mkononi. Sisi hatuoni hivyo. Twaona kuwa ni jambo la zamani lililobadili nguo, na kwamba katika kubadili nguo limesahau kitu kimoja.

Kaliua ya leo ni mji wa reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita Kuu ya Pili likajengwa tawi la kwenda Mpanda, kwa ajili ya madini ya risasi, nalo likaanzia hapo Kaliua. Wilaya yenyewe ni changa, maana ilikatwa kutoka Urambo mwaka 2012. Lakini nchi ni kongwe katika habari. Burton na Speke walipotoka Kaze, yaani Tabora, mwishoni mwa mwaka 1857 kwenda kulitafuta Ziwa Tanganyika, walipita Ulyankulu, ambayo sasa imo katika wilaya hii ya Kaliua. Hawakuitengeneza njia hiyo wao. Waliikuta imekwisha kukanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi, ambao walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu na kupanda bara na nguo na shanga.

Msafara ulikuwa shule. Mbele alitangulia kiongozi, wengine walimwita kirangozi, mwenye bendera na vazi la kumpambanua, na karibu naye mpiga ngoma. Walipokaribia kijiji, pembe ililia na bunduki zikafyatuliwa hewani ili wenyeji wajue kwamba waja wageni wa heri wala si wavamizi. Hilo lilikuwa tangazo, nalo lilikuwa na kanuni zake. Msafara ulioingia kimya ulitiliwa shaka. Kisha ikafuata kambi. Hapo msafara unaopanda ulikutana na unaoshuka, na kabla ya chungu kuchemka watu walikuwa wamekwisha kuulizana: maji yapo wapi, mtemi fulani atoza hongo kiasi gani, nguo za merikani zauzwaje Ujiji, ndui imefika wapi. Kijana aliyekwenda safari yake ya kwanza alijifunza kwa kusikiliza. Wala si habari za kupoza moyo tu. Aliyezikosa aliweza kupoteza mzigo wake au roho yake. Na jambo la kutazamwa ni hili: hapakuwa na kambi ya kusema tu. Kila aliyeleta habari aliondoka na habari.

Uzito wa mambo hayo wadhihirika tukikumbuka mfuko mmoja wa barua. Mfuko huo, wenye tarehe ya 1 Novemba 1870, ulitoka Unguja kumwendea Livingstone aliyekuwa katika nchi za ziwani. Ukakawia Bagamoyo, kisha ukakwama Unyanyembe, kwa kuwa mwaka 1871 Mirambo alikuwa ameifunga njia katika vita vyake na Waarabu wa Tabora. Stanley aliuchukua, akazunguka kwa kusini ili kuikwepa nchi ya vita, na ulipofika Ujiji mikononi mwa mwenyewe mwaka mzima ulikuwa umepita. Kumbe basi mwenye njia ndiye mwenye habari, na Mirambo alilijua hilo vizuri kuliko wengi waliomwandika.

Tena Mirambo hakutosheka na kuifunga njia. Waarabu walikuwa wamemsimulia pwani kuwa ni mnyang'anyi, naye akaona kwamba yampasa kujieleza. Alipeleka barua Unguja kwa balozi wa Kiingereza, na alimkaribisha Urambo daktari wa misioni, Southon, aliyekaa huko tangu mwaka 1879 hadi alipofariki mwaka 1882. Mtawala asiyejua kusoma alifahamu kuwa utawala wahitaji kalamu na mtu wa kuishika. Ukitaka kumtafuta msemaji wa serikali wa kwanza katika nchi ya magharibi, anza na wale waandishi wa barua za Mirambo.

Na neno Ikulu, ambalo taifa zima lalitumia sasa kwa makao ya Rais, ni neno la huku bara. Makao ya mtemi wa Unyanyembe yaliitwa Kwikuru, maana yake ni mahali palipo na ikulu. Hapo mtemi alikaa na wanyampara, wazee wa baraza, na amri haikutoka mpaka imekwisha kuzungumzwa. Hatusemi kwamba watemi wote walikuwa wapole au kwamba mnyonge alisikilizwa kila siku. Historia yao ina damu ya kutosha. Twasema tu kwamba utaratibu wa kusikiliza ulikuwapo, nao ulijulikana kwa jina.

Wajerumani walileta uchapaji. Gazeti la Kiongozi lilitolewa katika shule ya serikali ya Tanga tangu mwaka 1904 hadi 1916, na walioliandikia walikuwa ni wanafunzi na wahitimu wa shule za serikali waliotawanyika katika vituo vya nchi nzima kama makarani, walimu na maakida. Jina lake lafanana na la yule mtu wa mbele katika msafara, nalo lilivutia hata lilipokufa: mwaka 1950 gazeti jingine lenye jina hilohilo, la Kanisa Katoliki, lilizaliwa Tabora. Waingereza nao wakaanzisha Mambo Leo mwaka 1923. Lilikuwa gazeti la serikali, na sauti yake ilikuwa ya serikali. Lakini wasomaji walilijaza barua zao na mashairi yao. Karani wa forodha Shaaban Robert alikuwa mmoja wa waliotunga humo. Sisi tulio washairi twaona fahari, pengine kupita kiasi, kwamba ukurasa ambao mwananchi aliweza kumjibu mtawala ulikuwa ukurasa wa mashairi.

Watumishi wenyewe walihitaji mahali pa kukutania. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenziwe waliunda huko Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Walisoma magazeti pamoja, wakacheza mpira, wakajadiliana mambo ya kazi. Mkoloni aliwaona kuwa ni makarani wanaojiburudisha. Kwa kweli walikuwa wakijifunza kwamba karani wa Tanga na karani wa bara wana shauri moja, na baadhi ya watu wa namna yao ndio waliounda African Association mwaka 1929. Mkutano wa TANU wa Tabora wa Januari 1958, ulioamua juu ya kura tatu, hatuugusi hapa, kwani huo ulikuwa mkutano wa chama na wastahili makala yake.

Baada ya Uhuru, mafunzo makubwa kuliko yote ya wapeleka habari yalifanyika mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Inafaa walimu wawaeleze vijana kwa urefu, maana wengi hawakuisikia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, wizara na Redio Tanzania Dar es Salaam walishirikiana. Kwanza watu wachache walifundishwa. Hao wakaenda wilayani wakawafundisha wengine. Na hao wakashuka katika tarafa na kata, mpaka wakapatikana viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000. Kila kiongozi alipewa kijitabu. Kwa muda wa majuma kumi na mawili, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, chini ya mti au shuleni, redio ikiwa katikati. Walisikiliza habari za malaria, kichocho, minyoo na kuhara. Kisha redio ikazimwa. Kule kuzimwa kwa redio ndiko kulikokuwa moyo wa kampeni. Hapo watu walizungumza, wakauliza, wakaamua wenyewe watafanya nini: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo. Na vyoo vikachimbwa. Kiongozi wa kikundi hakufundishwa kuhutubia. Alifundishwa kuuliza swali na kusubiri.

Mwaka uliofuata zilishika kasi Operesheni Vijiji. Nchi ni ileile, serikali ni ileile, na wengi wa watumishi ni walewale; lakini safari hii neno lilikuja na malori. Mahali pengi watu waliambiwa siku ya kuhama, hawakuulizwa mahali pa kuhamia, na baadhi ya vijiji vikawekwa pasipo maji wala ardhi ya kutosha. Mkulima aliyelijua bonde lake angaliweza kusema hivyo kabla, kama pangalikuwapo na wa kumsikiliza.

Tofauti ya miaka hiyo miwili ndiyo tungependa iwekwe mezani katika vikao kazi vya leo. Tulipozisoma ajenda za mikutano ya namna hii, mada nyingi tulizoziona zilikuwa za kupeleka: namna ya kuitangaza miradi, namna ya kuipendezesha picha, namna ya kuwavutia wafuasi wengi mitandaoni. Hatuzibezi, ofisi isiyosikika huzushiwa. Ila yule afisa habari wa Kaliua, ambaye wilaya yake ni pana, yenye misitu mikubwa na vijiji vya wakulima wa tumbaku na wafugaji waliotoka Usukuma, ana haja nyingine. Ataulizwa maswali ambayo majibu yake hayako Kaliua, na kikao kazi ndipo mahali anapoweza kumjua kwa sura yule mtu wa wizarani mwenye majibu.

Ulyankulu yatupa mfano usio wa kufikirika. Makazi yale yalifunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1970, ardhi na maji vilipowapungukia, maelfu yao wakahamishiwa Mishamo. Wajukuu walizaliwa hapo, wakasoma kwa Kiswahili, wakalima tumbaku. Mwaka 2007 serikali ikawafungulia watu wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo mlango wa uraia, ukarimu ambao mataifa machache duniani yamepata kuuonyesha. Na kufikia mwaka 2010 waombaji zaidi ya 162,000 walikuwa wamekubaliwa. Lakini vyeti havikutolewa. Walitakiwa kwanza kuondoka katika makazi yale na kutawanywa katika mikoa mingine, kisha shauri hilo nalo likasimamishwa. Mtu alikuwa amekubaliwa na hajapewa, ameambiwa kuhama na hajahamishwa. Je, apande mazao ya mwaka ujao? Ajenge nyumba ya matofali? Wazee walioikumbuka safari ya Mishamo walikuwa na sababu ya kuogopa, na pasipo neno la hakika uvumi ukawa ndio serikali.

Hali hiyo iliendelea kwa miaka minne. Tarehe 14 Oktoba 2014, mjini Tabora, Rais Kikwete alikabidhi vyeti vya kwanza, na watu wakaruhusiwa kubaki mahali walipo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2016, ikapitishwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Humo imeagizwa kwamba ofisi ya umma inapoulizwa impe muulizaji jibu lake ndani ya siku 30. Hiyo ni adabu ya kambi ya msafara iliyotiwa katika maandishi, na afisa habari yeyote anayekwenda kikaoni yampasa kuijua kwa moyo. Ila sheria hiyo imempa haki ya kuuliza mtu aliye raia. Hata kama ingalikuwapo mwaka 2011, yule mkulima wa Ulyankulu, mwenye barua ya kukubaliwa na asiye na cheti, asingaliweza kuitumia kuuliza cheti chake kiko wapi.