Tathmini ya Malikale: Kabla Kijiko Hakijagusa Ardhi

Katika ripoti za miradi ya ujenzi nchini Tanzania kuna sura fupi ambayo wasomaji wengi huiruka. Huja baada ya sura za maji, vumbi na kelele, na jina lake hubadilika kila ripoti: mara "athari za urithi", mara "masuala ya akiolojia", mara "rasilimali za kiakiolojia na visukuku", na pengine hufichwa chini ya "mengineyo". Kazi yenyewe ni moja. Ni kujua ardhini kuna nini cha kale kabla ya kuchimba, kukadiria mradi utakigusa kwa kiasi gani, kisha kuamua la kufanya. Makala hii inapendekeza kazi hiyo iitwe *tathmini ya malikale*, na inaeleza mambo ambayo jina hilo linabeba na yale ambayo haliwezi kuyabeba.

Malikale ni neno lililokwisha kuzoeleka serikalini. Idara iliyokuwa ikiitwa ya Mambo ya Kale, chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, sasa hutajwa kwa jina hilo. Uzuri wake kwa kazi hii ni upana. Katika nchi nyingi vitu vilivyotengenezwa na binadamu humhusu mwanaakiolojia, na mifupa iliyogeuka mwamba humhusu mtaalamu wa visukuku. Ripoti mbili, wataalamu wawili, na mara nyingi sheria mbili. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 iliviweka vyote chini ya paa moja. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inalinda pia visukuku vya binadamu, vya wanyama wenye uti wa mgongo na vya mimea. Kwa hiyo mtu akisema "malikale" amekwisha kutaja chungu na mfupa wa dinosaria wa kilima cha Tendaguru kwa pumzi moja, kama sheria inavyofanya.

Upana huo una mipaka yake. Jiwe la chokaa la Wazo Hill, linalosagwa kuwa saruji, limejaa matumbawe ya bahari ya zamani. Kwa mwanajiolojia hayo ni visukuku bila ubishi. Lakini matumbawe hayana uti wa mgongo wala si mimea, hivyo mchimba mawe hana haja ya kusimamisha kazi kwa ajili yake. Tathmini nzuri huanza hapo, kwa kusema wazi kipi kinatafutwa na kipi hakihusiki.

Mwaka 1863 nao unaleta kizungumkuti jijini Dar es Salaam. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka hiyohiyo ya 1860, na Boma la Kale, mojawapo ya majengo yake ya awali yaliyosalia, ni la 1866 na 1867. Kwa kipimo cha tarehe peke yake, karibu jiji lote la mawe na saruji limechelewa. Majengo ya aina hiyo hulindwa pale Waziri anapoyatangaza rasmi. Kilicho chini ya ardhi ni habari nyingine. Kabla ya Majid palikuwa na kijiji cha Mzizima. Mbwamaji, upande wa Kigamboni wa leo, ulikuwa mji wa misafara. Na Kunduchi kuna makaburi yaliyopambwa kwa sahani za kaure kutoka China. Kusini mwa jiji, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameonyesha kwamba watu waliyeyusha chuma mahali kama Limbo karibu miaka elfu mbili iliyopita. Temeke iko katikati ya ramani hiyo.

Keko, kata ya Temeke iliyo kati ya Chang'ombe na Kurasini, inajulikana zaidi kwa samani. Ukipita barabarani unaona vitanda vya mninga, makabati yanayosubiri vanishi, na milango iliyosimamishwa ukutani kungoja mteja. Wachache wanajua kwamba sheria ileile ya 1964 inaigusa karakana moja kwa moja: mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa. Nyumba ya zamani ikibomolewa Kariakoo au Bagamoyo kupisha ghorofa, mlango wake hauishii kwenye kifusi. Hununuliwa, hukwanguliwa, hutiwa bawaba mpya. Tathmini ya malikale iliyofanyika kabla ya ubomoaji ingeuandika mlango huo, ingeupiga picha na kuupima, na fundi angejua amebeba nini.

Sasa tuje kwenye neno *athari*. Jina refu la kazi hii ni tathmini ya athari kwa malikale, na kihusishi hicho "kwa" kina uzito. Tathmini ya athari *kwa* mazingira, ile inayosimamiwa na baraza la mazingira, NEMC, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hupima mradi unayafanyia nini mazingira. Ukiandika athari *za* mazingira, maana inageuka: mafuriko ya Mto Msimbazi yanaufanyia nini mradi. Vivyo hivyo "athari za malikale" humfanya mwenye kiwanja aelewe kwamba magofu ndiyo yatakayomletea hasara, na pengine ndivyo anavyoogopa tangu mwanzo. Jina fupi, tathmini ya malikale, linaepuka mtego huo na kuweka mkazo kwenye kukagua na kuthamini.

Kazi yenyewe hupita hatua tatu. Ya kwanza hufanyika mezani na barazani: kusoma ramani za zamani, picha za angani, ripoti za uchimbaji na kumbukumbu za makumbusho, kisha kuwauliza wazee palipo na makaburi, visima vya kale na mibuyu. Pwani mbuyu mkubwa peke yake shambani mara nyingi ni dalili kwamba paliishi watu. Ya pili ni kulitembea eneo kwa mistari iliyopangwa, macho chini, kuandika kila kinachoonekana juu ya udongo. Ya tatu ni mashimo ya majaribio: shimo dogo la mraba linalochimbwa kwa mwiko tabaka baada ya tabaka, udongo wake ukichekechwa na kila tabaka likichorwa.

Mfano bora wa hatua hiyo ya tatu uko Laetoli, katika Hifadhi ya Ngorongoro. Nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu zilizofukuliwa huko na timu ya Mary Leakey mwaka 1978 zilikwisha kuwa maarufu duniani, na ukaja mpango wa kujenga makumbusho jirani nazo. Kabla ya ujenzi, mwaka 2014, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, walifanya tathmini. Waligawa eneo kwa miraba na kuchimba mashimo 62, kila moja mita mbili kwa mbili. Katika matatu, juu ya majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba, zilitokea nyayo mpya: 13 za kiumbe mmoja na moja ya mwingine, umbali wa mita 150 hivi kusini mwa zile za awali, wote wakielekea upande uleule miaka milioni 3.66 iliyopita. Yule wa kwanza alikadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165 hivi. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016. Mashimo mengine 59 hayakutoa unyayo wa jamii ya binadamu, na hayo pia ni matokeo, kwa kuwa msanifu majengo anahitaji kujua palipo patupu kama anavyohitaji kujua palipojaa.

Keko si Laetoli. Kiwanja cha Keko Machungwa au Keko Magurumbasi kimechimbwa msingi, kikachimbwa choo, kikajazwa kifusi, kikachimbwa tena kwa bomba la maji. Tabaka zake zimevurugwa, na kitu kilichohama tabaka hakiwezi tena kusema ni cha lini. Mtaalamu mwaminifu angemaliza kazi nyingi ya Keko mezani, akaacha mashimo machache kwa sehemu ambazo hazijaguswa: chini ya barabara ya zamani, kando ya bonde, au pale msingi wa ghorofa unaposhuka chini kuliko vyoo vyote vilivyopata kuchimbwa. Kuagiza mashimo 62 kwenye kila kiwanja kungekuwa kupoteza fedha, na kungewapa wakandarasi sababu ya kuidharau kazi nzima. Jambo la muhimu ni uamuzi huo uandikwe na mtu anayejua, kabla ya zabuni kutangazwa.

Gharama ya kuruka tathmini imekwisha kuonekana pwani yetu. Lamu, mji wa Kenya ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijikuta jirani na ujenzi wa bandari kubwa ya mradi wa uchukuzi wa LAPSSET. Kamati ya Urithi wa Dunia ilidai tathmini ya athari kwa urithi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki za wakazi, zikiwemo za utamaduni wao, zilikuwa zimekiukwa. Wavuvi wapatao 4,600 waliamriwa walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Bandari ilikuwa imekwisha kuanza kujengwa.

Hata tathmini iliyofanyika vizuri haiwezi kuona kila kitu, kwa hiyo mikataba huwa na kifungu cha vitu vinavyoibuka kazi ikiendelea. Miradi ya mikopo ya Benki ya Dunia hubanwa na kiwango chake cha nane cha mazingira na jamii, kilichoanza kutumika 2018, na sheria yetu ya 1964 inamtaka anayegundua malikale atoe taarifa. Hapa istilahi inashuka kutoka ofisini na kuingia saiti, na hapa ndipo huharibika. Wanaakiolojia huita vipande vya vyungu vigae. Mwambie kibarua wa Temeke "ukiona vigae simamisha kazi" naye atakuonyesha rundo la vigae vya sakafuni lililoshushwa asubuhi. Mwambie "visukuku" naye atafikiria petroli na makaa ya mawe, kwa sababu redioni neno hilo husikika zaidi kwenye habari za tabianchi. Agizo linaloeleweka lingesema: vipande vya vyungu vya udongo, shanga, mavi ya chuma, mifupa, ukuta uliozikwa, jiwe lenye alama ya jani au unyayo. Mavi ya chuma kila fundi wa kuchomelea anayajua, na ndiyo yanayoonyesha kwamba palikuwa na tanuri.

Kisha agizo liseme hatua: zima kijiko, zungushia kamba, usikitoe kitu mahali pake, mwite msimamizi, naye aijulishe Idara ya Malikale. Haya yote huandikwa. Kinachosahaulika ni ujira. Kibarua anayelipwa kwa siku anajua kwamba kazi ikisimama, naye hatalipwa. Akiona ukuta wa kale chini ya sepetu, njia ya kulinda chakula cha jioni nyumbani ni kuufukia. Mkataba unaotaka taarifa zake lazima utenge fedha za siku ambazo kazi itasimama, na ueleze kwamba vibarua watalipwa siku hizo kama kawaida. Mistari miwili ya namna hiyo kwenye makadirio ya gharama itaokoa malikale nyingi kuliko istilahi yoyote, hii niliyoipendekeza ikiwemo.