Fukwe za Unguja na Watu Walioshushwa Hapo



Wapendwa waamini, tangu tulipotangaza safari ya parokia kwenda Unguja tumeulizwa swali lilelile mara nyingi, sakristia, katika jumuiya ndogondogo, hata njiani: je, safari hii ni hija au ni matembezi? Wengine wameuliza kwa nia njema, wapate kujua wabebe rozari au nguo za kuogelea. Wengine wameuliza kwa kutuonya, maana wanakumbuka yaliyotokea safari iliyopita.

Nasi tunayakumbuka. Baada ya Misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile ambalo wenyeji hulitambua kwa jina la Minara Miwili, tulipanda magari kuelekea kaskazini kwa njia ya Bububu hadi Mangapwani. Hapo pana ufukwe mzuri wa mchanga mweupe, na juu yake kidogo, katikati ya vichaka, pana chumba kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambamo watumwa walifichwa. Vijana wetu walishuka ngazi zile wakicheka. Wakapiga picha, mmoja akiwa ameweka mikono nyuma kana kwamba amefungwa minyororo. Mzee mmoja wa parokia alitoka nje, akaketi peke yake chini ya mti, asiseme neno mpaka tulipofika bandarini. Kule ndani ya boti alituambia kwa sauti ndogo: “Padre, leo mmetupeleka kucheza makaburini.”

Lawama ile ilikuwa yetu kabla ya kuwa ya vijana. Tuliwapeleka mahali pale bila kuwaeleza chochote. Basi juma hili tunalipa deni.

Tuanze pale boti inapokaribia mji. Mgeni huona kwanza nyumba nyeupe zilizosongamana mbele ya bahari, kisha Forodhani, bustani iliyotengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub. Jioni watu hujaa pale kununua mishikaki na juisi ya miwa, na watoto wa mjini hujitupa baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, wageni wakiwashangilia. Ni furaha halali kabisa. Lakini jina la mahali lenyewe linasema jambo jingine. Forodha ni mahali pa kutoza ushuru wa mali itokayo na iingiayo, na katika karne ya 19 mali hiyo ilikuwa pembe za ndovu, karafuu, nguo, na watu. Mtumwa alitozwa ushuru kwa kichwa, kama vile mzigo mwingine unavyotozwa.

Kutokana na ushuru huo lilizuka jambo ambalo wasafiri wengi wa wakati ule waliliandika. Jahazi lilipofika limebeba watu walionyong'onyea kwa njaa na ndui, mwenye mali alipiga hesabu. Aliyeonekana kwamba hataishi hakustahili kulipiwa. Aliachwa afie chomboni au mchangani, na maiti zilibaki ufukweni zikisubiri maji ya bamvua na mbwa. David Livingstone alipokaa mjini humo mwaka 1866 alilalamikia uvundo wa ufukwe kiasi cha kuligeuza jina la Zanzibar kuwa neno la dhihaka. Ufukwe aliousema ni huohuo tunaoteremkia leo tukiwa na mizigo yetu.

Wale waliopona walipelekwa sokoni Mkunazini. Wanahistoria hukadiria kwamba katika miaka ya 1860 watu kati ya 15,000 na 20,000 waliletwa Zanzibar kila mwaka, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Baadhi yao walisafirishwa tena kwenda Uarabuni na Ghuba. Wengine wengi walibaki kulima mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akiwa amebanwa na Waingereza na vitisho vya manowari zao, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yote. Sikukuu ya Noeli ya mwaka huohuo Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa lao mahali palipokuwa soko, chini ya usimamizi wa Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wao na ambaye Kiswahili chetu kinamdai shukrani nyingi.

Hapa ndipo wengi hudhani kwamba habari imekwisha. Soko likafungwa, kanisa likajengwa, watu wakawa huru. Sivyo. Mkataba ulifunga soko. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Zanzibar hadi mwaka 1897. Tena mahitaji ya watu mashambani hayakupungua. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikali kilikuwa kimeangusha mikarafuu mingi ya Unguja, kikaiacha Pemba, na kilimo cha karafuu kikahamia huko kwa nguvu mpya. Mikono ya kuchuma ilitakiwa, nayo sasa ilipaswa kuletwa kwa siri.

Kwa hiyo pwani iliyokuwa wazi ikawa pwani ya maficho. Manowari za Waingereza zilipozunguka zikikagua majahazi, wafanyabiashara walitafuta mahali mbali na macho ya mji, na Mangapwani, kilomita 20 na kitu kutoka Mji Mkongwe, palifaa sana: miamba, vichaka, ufukwe mdogo usioonekana kwa urahisi. Inasimuliwa kwamba chumba kile kilijengwa yapata mwaka 1880, na tajiri wa Kiarabu aliyeitwa Mohammed bin Nassor. Paa lake li karibu usawa wa ardhi, hata mtu aweza kupita jirani asilione. Waliofungiwa humo walingoja usiku jahazi lije. Tafadhali waamini msikichanganye chumba hiki na pango la asili lililo karibu nacho, lenye maji baridi ndani yake. Pango si kazi ya wanadamu, nalo wenyeji wanalo kwa mambo yao tangu zamani.

Angalieni miaka. Chumba cha Mangapwani ni cha baada ya mkataba. Vijana waliocheka mle ndani walidhani wanatazama mambo ya kale, ya kabla ya sheria na kabla ya wamisionari, kumbe kilijengwa wakati ambapo kengele za Misa zilikuwa zimekwisha kulia Zanzibar kwa miaka 20.

Nalo Kanisa letu lilifikaje? Mwezi Desemba 1860 Padre Armand Fava aliteremka ufukwe wa Zanzibar pamoja na mapadre wenzake wawili, masista wa Mabinti wa Maria, na daktari. Siku chache baadaye waliadhimisha Noeli. Mwaka 1863 kazi ilipokewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu wakiongozwa na Padre Antoine Horner, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Walianzisha zahanati, karakana za useremala na uhunzi, na walikomboa watumwa, hasa watoto, kwa kuwanunua sokoni. Tunayasimulia haya kila mwaka katika mafundisho, na ni halali tuyasimulie kwa shukrani.

Lakini huwa hatusemi Padre Fava alitoka wapi. Alitoka kisiwa cha Réunion, koloni la Ufaransa, na alitumwa na askofu wa huko. Na Réunion ilikuwa nini? Ilikuwa kisiwa cha mashamba ya kahawa na miwa yaliyolimwa na watumwa hadi Ufaransa ilipofuta utumwa mwaka 1848. Wengi wao walitoka Madagaska na pwani yetu hii. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Hata baada ya 1848, meli za Kifaransa ziliendelea kuchukua watu pwani ya Afrika Mashariki kwa jina la vibarua wa mkataba, watu ambao hawakujua mkataba ni kitu gani, hadi zilipokatazwa mwaka 1859. Mabwana wa mashamba yale walikuwa Wakatoliki wenzetu, waliobatizwa na kupokea Komunyo.

Mwaka 1859 meli za vibarua zinakatazwa. Mwaka 1860 wamisionari wanafika, kutoka kisiwa kilekile. Hatusemi haya ili kuwadharau wamisionari. Twasema kwa sababu tumezoea kusikia, hata kutoka midomo ya waamini wetu, kwamba utumwa ulikuwa dhambi ya Waarabu na dini yao, nasi tulikuwa waokoaji. Katika mji ambao majirani karibu wote ni Waislamu, na ambao kwa zaidi ya miaka 160 umetuachia tuadhimishe Misa zetu, maneno hayo si uongo mdogo. Karafuu na pembe zilinunuliwa Ulaya na Marekani. Mitaji ilitoka kwa matajiri wa Kihindi. Misafara ya bara iliongozwa pia na Waafrika waliowauza Waafrika. Aliyetafuta mwenye mikono safi katika biashara ile alikuwa na kazi ngumu. Papa Leo XIII aliandika dhidi ya utumwa mwaka 1888, barua njema sana, aliyowaelekezea maaskofu wa Brazil. Mwaka 1888! Karne ngapi zilikuwa zimepita? Papa Yohane Paulo II alipofika kisiwa cha Gorée, Senegal, mwezi Februari 1992, hakutafuta wa kumlaumu. Aliomba msamaha kwa dhambi waliyotenda watu waliobatizwa.

Hata kazi ya kukomboa ilikuwa na mashaka yake. Mmisionari aliyenunua mtoto sokoni alimpa uhai mtoto huyo, na papo hapo alitia fedha mfukoni mwa mwuzaji aliyekwenda kutafuta mwingine. Wapo waliolisema jambo hilo tangu wakati ule. Na mtoto aliyekombolewa hakurudishwa kwao. Aliwekwa katika kijiji cha Kikristo chenye saa za kazi, saa za sala na kanuni kali. Baadhi walikaa wakawa mababu wa imani. Baadhi walitoroka. Sisi huwakumbuka wa kundi la kwanza.

Kuna jambo jingine linalotupasa kusema kwa uwazi, kwa kuwa tutapita Mkunazini. Kando ya Kanisa Kuu la Kianglikana wageni huonyeshwa vyumba vya chini, vyembamba na vyenye giza, wakiambiwa kwamba ndimo watumwa walimofungiwa kabla ya kuuzwa. Huwezi kuingia humo bila kusisimkwa na mwili. Lakini jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, kwa ajili ya hospitali, na wapo wanahistoria wanaoeleza kwamba vyumba vile vilikuwa ghala. Sisi tunaona hoja yao ni nzito. Walioteswa hawahitaji tuwaongezee mateso. Yaliyowapata yatosha, na mahali palipo nje ya shaka, yaani uwanja wa soko wenyewe, pako hatua chache kutoka hapo. Pana pia sanamu za watumwa watano katika shimo, wamefungwa mnyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs ya miaka ya 1990. Hapo tutasimama kwa muda.

Changuu nayo iko katika ratiba, kwa kuwa watoto wameomba kuwaona kobe. Kobe wale wakubwa ni uzao wa zawadi iliyotoka Shelisheli mwaka 1919. Gereza ambalo kisiwa kinatajwa kwalo lilijengwa mwaka 1893 lakini halikufunga wafungwa. Lilitumika kuwaweka karantini wasafiri. Kabla ya gereza, hata hivyo, inasimuliwa kwamba Mwarabu mmoja aliwazuilia hapo watumwa wakaidi. Tutawaambia watoto hilo pia, kwa kipimo chao.

Basi, hija au matembezi? Hatukuona sababu ya kuchagua. Aliyeumba bahari ile hakuiumba kwa ajili ya majahazi ya watumwa, na kuogelea katika maji ya Mangapwani si kosa kwa mtu anayejua maji hayo yalibeba nini. Utaratibu utakuwa huu. Tutavuka kwa boti ya kwanza ya Jumamosi. Misa itakuwa Minara Miwili, tukiwaombea waliokufa ufukweni bila jina wala kaburi, kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyekuwa mtumwa Sudan na akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Kisha Mkunazini. Mangapwani tutashuka chumbani watu kumi kumi, kimya, simu zikiwa zimezimwa, na kijana mmoja atasoma mbele ya ngazi maelezo mafupi tuliyoyaandaa. Baadaye tutakula wali na samaki chini ya miti, na watakao kuoga baharini waoge. Akina mama na mabinti wabebe kanga za kujifunika tunapopita mjini na vijijini. Akina baba nao wasitembee vifua wazi, maana adabu ya Unguja haibagui.

Majina yanaandikwa ofisini hadi Alhamisi jioni. Mzee wetu yule amekwisha kujiandikisha. Ameomba kiti cha mbele garini, kwa sababu magoti yanamsumbua, na ameomba pia kwamba maelezo yatakaposomwa pale ngazini, asiyasome padre. Ayasome kijana yule aliyeweka mikono nyuma.