London hadi Johannesburg: Kilomita zilezile, saa tofauti

Kutoka London hadi Johannesburg, kwa njia fupi kuliko zote angani, ni takriban kilomita 9,070. Siku hizi ndege huondoka jioni na kutua asubuhi, baada ya saa 11 hivi. Haikuwa hivyo zamani, na ubovu wa ndege haukuwa sababu pekee.

Februari 4, 1920, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, marubani wa Afrika Kusini, walipaa kutoka Brooklands, karibu na London, wakielekea Cape Town. Ndege yao, Vickers Vimy, iliharibikia Korosko, kusini mwa Misri. Wakapata nyingine, nayo ikaanguka Bulawayo. Walifika Machi 20 kwa ndege ya tatu. Safari ilikuwa imechukua siku 45, ilhali angani walikaa chini ya saa 110. Muda uliobaki uliishia chini, kwenye matengenezo na kusubiri.

Februari 1931, kampuni ya Imperial Airways ilianza kupeleka barua kwa ndege kutoka London hadi Mwanza. Mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town kupitia Johannesburg, kwa ratiba ya siku 11 hivi. Abiria alipanda treni kutoka Paris hadi Brindisi, Italia, akavuka bahari kwa ndege ya majini, kisha akapanda treni tena kutoka Alexandria hadi Cairo. Alipofika Kisumu alihamia ndege ya nchi kavu. Usiku ulipoingia, safari ilisimama, watu wakalala. Mwaka 1937 zilikuja ndege kubwa za majini za Short, na njia ikageukia pwani: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, hadi Durban. Palipo na maji matulivu, kiwanja hakikuhitajika.

Jeti ndiyo iliyozifuta siku hizo. Mei 2, 1952, Comet ya shirika la BOAC iliondoka London na abiria 36, ikatua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone kuongeza mafuta, na kufika Johannesburg kabla saa 24 hazijatimia. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya abiria wa kawaida kwa ndege ya jeti. Ndege hiyohiyo ilisambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba Januari 1954. Watu wote 35 waliokuwamo walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa bati la Comet lilichoka na kupasuka kwa kujazwa na kupunguzwa hewa kila safari.

Ndege zilizofuata zilikuwa imara na za kasi zaidi, lakini kwa shirika la Afrika Kusini njia ilirefuka. Mwaka 1963, nchi huru za Afrika zilianza kulifungia anga zao kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Likalazimika kuzunguka juu ya Atlantiki, likitua kuongeza mafuta Las Palmas au kisiwa cha Sal, Cape Verde, huku mashirika ya Ulaya yakiendelea kukatiza bara na kutua Nairobi. Zuio hilo lilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ubaguzi ulipokuwa ukivunjwa. Saa zilizookolewa siku anga ilipofunguliwa hazikutokana na injini mpya. Zililetwa na siasa.